Rasilimali ya Kisogo



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo watu hulicheka hadharani na kulihuzunikia faraghani, nalo ni kupungukiwa na nywele kichwani, pamoja na lile tendo la tiba ambalo siku hizi huwafungisha watu safari kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Maskati mpaka Istanbul, nchini Uturuki, ili watolewe vishina vya nywele kisogoni na kupandikizwa utosini na juu ya paji la uso. Sikusudii kumshawishi mtu aende, wala sikusudii kumzuia. Nakusudia kulieleza jambo lenyewe lilivyo, ili mwenye kuazimia aazimie kwa maarifa, na mwenye kuacha aache kwa hiari yake wala si kwa hofu.

Kwanza ni insafu kuwaondolea watu hawa lawama ya ghururi, kwa maana haja ya nywele ni kongwe, na waliokuwa nayo hawakuwa wapumbavu wote. Mwandishi wa Kirumi Suetonius, katika habari alizoandika za maisha ya Julius Caesar, asema kwamba jemadari yule, ambaye majeshi yake yalizishinda nchi nyingi, alikerwa sana na upara wake kwa kuwa mahasimu zake waliufanyia dhihaka, akawa huzichana mbele nywele chache zilizombakia, na katika heshima zote alizopewa na baraza la Roma hakuna aliyoifurahia kuliko ruhusa ya kuvaa shada la majani kichwani wakati wote. Katika Biblia, Kitabu cha Pili cha Wafalme, mna habari za vijana waliomcheka Nabii Elisha kwa upara wake. Na katika hadithi iliyo mashuhuri kwa Waislamu, ya watu watatu wa Bani Israili, mwenye maradhi ya ngozi, mwenye upara na kipofu, malaika alipomwuliza mwenye upara ni kitu gani akipendacho zaidi, alitaja nywele nzuri na kuondokewa na kile ambacho watu walimchukia kwacho. Wala hakulaumiwa kwa kuomba nywele, bali alilaumiwa baadaye kwa kuikufuru neema alipokwisha kuipata.

Katika mwambao wetu jambo hili halikuwa na uzito mwingi zamani, na sababu yake si kwamba wazee wetu walikuwa na nywele kutushinda sisi. Wanaume wengi wa Kiislamu wa pwani walikuwa na ada ya kunyoa vichwa, na juu ya kichwa kilichonyolewa huwekwa kofia ya viua au kilemba, hata ikawa aliyenyolewa na wembe na aliyenyolewa na umri hawakutofautiana barazani. Kofia ilipoanza kubaki nyumbani siku za kazi, na picha ya mtu ikaanza kumtangulia kila aendako, kwenye simu na kwenye karatasi za kuombea kazi, ndipo upara ulipopata mashahidi. Kijana wa leo huuona utosi wake kwa mara ya kwanza katika picha iliyopigwa arusini na mtu aliyesimama nyuma yake, ilhali kioo cha nyumbani kilimficha jambo hilo miaka kadhaa.

Basi upara hutoka wapi? Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila unywele una muhula wake: hukua kwa miaka 2 mpaka 6 hivi, kwa kadiri ya sentimita 1 kila mwezi, kisha husimama, hupumzika miezi kama 3, hudondoka, na shina lake huanza kuotesha mwingine. Kwa hiyo kupotewa na nywele 50 mpaka 100 kila siku si maradhi. Upara wa kawaida wa wanaume huingia pale ambapo vishina vya utosini na vya pembe za paji, kwa urithi unaotoka upande wa baba na upande wa mama, hudhoofishwa na homoni iitwayo dihidrotestosteroni, na kila muhula ukazaa unywele mfupi na mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka usionekane tena. Wayunani wa kale waliigundua nusu ya siri hii, kwa maana Aristotle aliandika kwamba matowashi hawapati upara. Na nusu ya pili ilibainishwa mwaka 1942 na mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, aliyeonyesha kwamba waliohasiwa kabla ya kubaleghe hubaki na nywele zao, lakini wakipewa homoni ya kiume, wale ambao katika ukoo wao mna upara huanza nao kupungukiwa. Upara, basi, haukuletwa na kofia, wala maji ya chumvi, wala fikira nyingi, na muuza mafuta anayeahidi kuuondoa kwa chupa moja humwuzia mtu faraja ya juma moja au mawili.

Lakini vishina vya kisogoni, na vya pande mbili za kichwa juu ya masikio, aghalabu havidhuriki na homoni hiyo, na ndiyo sababu hata mzee mwenye upara uliokamilika hubakiwa na ukanda wa nywele nyuma ya kichwa. Daktari wa Kijapani Shoji Okuda, aliyekuwa akitibu watu walioungua vichwa, aliandika mwaka 1939 namna alivyotoa vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvipandikiza penye makovu, navyo vikaota. Ila vita vikuu vya pili vya dunia vilizuka, na habari zake zisiwafikie madaktari wa nchi za Magharibi kwa miaka mingi. Mwaka 1952 Norman Orentreich wa New York alilifanya tendo hilo kwa mwenye upara wa kawaida, na mwaka 1959 akaichapisha kanuni ambayo ndiyo msingi wa kazi yote mpaka leo, kwamba unywele hufuata tabia ya mahali ulikotoka, wala haufuati tabia ya mahali ulikohamia. Vipande vya siku zile vilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, na nywele ziliota mafungu mafungu, hata mtu akatambulika tangu mbali kwamba amepandikizwa. Siku hizi huhamishwa kishina kimoja kimoja chenye nywele 1 mpaka 4, ama kwa kukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, kulishona pengo lake na kuugawa ukanda wenyewe chini ya hadubini, ama kwa kutoboa kuzunguka kila kishina kwa chombo cha mviringo ambacho upana wake aghalabu haufiki hata milimita 1, njia ambayo ilianza kuenea baada ya mwaka 2002.

Na hapa ndipo ulipo msingi wa hukumu. Tendo hili haliongezi hata unywele mmoja, huhamisha tu. Kisogo cha mtu ni rasilimali ya mfanyabiashara asiyeweza kukopa wala kurithi tena: kila kishina kitolewacho nyuma hakioti kingine mahali pake, na anayetumia mtaji wote kupamba mlango wa duka atakosa cha kuweka ndani. Kwa watu wengi vishina viwezavyo kutolewa maisha yote, pasipo nyuma kuonekana wazi na kuliwa mabaka, ni elfu tano au sita hivi, ilhali kikao kimoja huweza kumaliza elfu mbili au tatu. Kipimo ambacho madaktari hukitumia, kilichotengenezwa upya na O'Tar Norwood mwaka 1975, kina daraja 7 za upara; na aliye daraja ya tatu leo huweza kufika ya sita akiwa na miaka hamsini. Kijana wa miaka 22 akirejeshewa mstari wa mbele ulio chini kama alivyokuwa akisoma darasa la saba, atafurahi miaka mitano au sita. Kisha nywele zake za asili, zisizopandikizwa, zitaendelea kurudi nyuma kwa sheria ile ile ya urithi, na baina ya mstari mpya na utosi patabaki uwanja mtupu ambao rasilimali iliyosalia haitoshi kuujaza.

Kwa hiyo tabibu mwaminifu hutambulika kwa lile analolikataa. Humwuliza mtu umri wake, na babu zake wa pande zote mbili walikuwaje. Humwambia angoje, pengine mwaka au miaka, ili upara uonyeshe unakoelekea. Na humweleza habari za dawa kabla ya kumweleza habari za kisu. Dawa zijulikanazo ni mbili hasa: minoksidili, iliyoanza kuwa dawa ya shinikizo la damu na ikaruhusiwa Marekani mwaka 1988 kwa kupakwa kichwani, na finasteridi, iliyoanza kuwa dawa ya tezi dume na ikaruhusiwa kwa upara mwaka 1997. Ya kwanza hufaa maadamu inatumiwa, na ikiachwa faida yake huondoka. Ya pili huzuia ile homoni isitengenezwe kwa wingi, lakini kwa baadhi ya wanaume hupunguza matamanio ya ndoa, na mwanamke mwenye mimba hapaswi hata kuzishika tembe zake zilizovunjika. Mchezaji mpira wa Uingereza Wayne Rooney alitangaza mwenyewe mwaka 2011, akiwa na miaka 25, kwamba amepandikizwa nywele, na habari ile iliwaondolea aibu vijana wengi wa rika lake. Lakini mwenye mapato kama yake huweza kurudi kwa tabibu kila atakapo, ilhali mwenye kuuza kiwanja ili apate nauli hana budi kupiga hesabu ya mara moja.

Sisi watu wa asili ya Kiafrika tuna mambo mawili ya ziada ya kuyapima, nayo mara nyingi hayasemwi katika matangazo yaliyotengenezwa kwa ajili ya vichwa vya Wazungu na Waarabu. La kwanza ni kwamba unywele wetu haukujikunja nje tu. Mzizi wake pia umepinda chini ya ngozi, na chombo cha mviringo kinachoingia wima, kikiwa mikononi mwa mtu asiyezoea, hukikata kishina katikati kabla ya kukitoa, na kishina kilichokatwa aghalabu hakioti mbele wala hakirudi nyuma. Mtu huweza kuambiwa kwamba amepandikizwa vishina elfu mbili, na nusu yake vikawa maiti. Fidia yake ni kwamba unywele uliojikunja hufunika ngozi kwa wepesi, hata idadi ndogo, ikitolewa salama, ikaonekana nyingi. La pili ni makovu yanayovimba na kuenea nje ya jeraha, ambayo madaktari huyaita keloidi, nayo huwapata watu weusi kuliko wengine. Kabla hujalipa amana, tazama kovu la chanjo begani, tazama sikio lililotogwa, waulize ndugu zako wa damu. Tena tazama kisogo chenyewe, kwa kuwa vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyowapata wanaume baada ya kunyoa ni ugonjwa ambao huharibu pale pale nywele zinapotarajiwa kuchukuliwa. Penye shaka, omba majaribio ya vishina vichache tu, ungoje miezi uone kovu litakavyokuwa, kwa maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Wanawake nao nisiwasahau. Nywele zilizong'oka pembeni mwa paji kwa kusukwa kwa nguvu miaka mingi huweza kupandikizwa, ikiwa msuko wenye kuvuta umekwisha kuachwa. Lakini ule upara unaoanzia utosini kwa kuwasha na kuuma, na ngozi ikabaki laini na yenye kung'aa, aghalabu ni ugonjwa unaovila vishina, na mwenye kupandikiza kabla ugonjwa haujatulizwa hupanda penye moto. Kwa mwanamke, daktari wa ngozi ndiye mlango wa kwanza, si wakala wa safari.

Ama kuhusu dini, yako maswali ambayo Waislamu huyauliza, nayo ni ya haki. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wametofautisha baina ya kuunga nywele za mtu mwingine, ambako kumekatazwa, na kurejesha nywele za mtu mwenyewe mahali zilipoondoka, ambako wamekuruhusu kwa kuwa ni kuondoa dosari wala si kubadili maumbile. Na aghalabu hutaja habari za sahaba Arfaja, aliyepoteza pua yake vitani, akatengeneza ya fedha ikanuka, naye Mtume akamwelekeza atengeneze ya dhahabu.

Sasa tuseme mtu amekwisha kuazimia. Istanbul ina vituo vingi mno vya kazi hii, na bei yake ndiyo iliyoleta umati, kwani kwa dola elfu mbili hadi nne mgeni hupata aghalabu upasuaji, hoteli, gari la kumpokea na mkalimani, ambapo Uingereza au Marekani upasuaji peke yake huweza kugharimu mara nyingi zaidi. Wako huko matabibu wakubwa, wenye mikono myepesi na dhamiri safi. Lakini wako pia madalali ambao hupokea picha ya kichwa kwa simu na katika dakika chache wakaahidi vishina elfu tano, bila kuuliza umri wala maradhi. Na chama cha kimataifa cha madaktari wa kazi hii kimepiga mbiu dhidi ya vituo vya magendo, ambamo daktari huonekana katika picha na kwenye hati, na kisu hushikwa na mtu asiye na leseni. Kimefika hata kuitenga tarehe 11 Novemba kila mwaka kuwa siku ya kuwarekebisha waliodhuriwa. Swali la kwanza, basi, lisiwe bei. Liwe hili: ni nani kwa jina atakayenitoboa, na ni nani atakayenipasulia matundu, na siku hiyo hiyo ana wagonjwa wangapi wengine? Asiyeweza kujibu maswali hayo kwa maandishi, mpungie mkono.

Siku yenyewe huanza asubuhi. Damu hupimwa, picha hupigwa, kichwa hunyolewa, na daktari huchora kwa wino mstari wa mbele, nao ni mchoro unaostahili wasaa kuliko jambo lolote la siku hiyo: mstari wa mtu mzima hauko chini wala haukunyooka, una mabonde na pembe, na vishina vyenye unywele mmoja mmoja ndivyo viwekwavyo mbele kabisa ili uso uonekane wa asili. Kisha huja sindano za ganzi, ambazo ndizo sehemu chungu ya kazi yote. Mtu hulala kifudifudi saa kadhaa vishina vikitolewa na kuwekwa katika maji ya baridi yenye dawa; hupumzika, hula; halafu hulala chali, nyufa ndogo hupasuliwa kwa kufuata mwelekeo wa nywele za jirani, na kila kishina hutiwa mahali pake. Kazi yote huchukua saa sita mpaka nane, nayo haihitaji usingizi wa dawa, hata wengine husikiliza redio mpaka ikaisha.

Usiku hulala ameinua kichwa. Siku ya tatu au ya nne paji huvimba, na pengine uvimbe hushuka mpaka kwenye kope, kisha huondoka. Kuosha hufanywa kwa mkono mwepesi na maji yasiyo na nguvu. Vigaga hudondoka katika siku kumi hivi. Na kwa kuwa kuinamisha kichwa hukatazwa siku za kwanza, Mwislamu huswali kwa kukaa na kuashiria sijida. Baada ya wiki mbili hadi sita hutokea jambo ambalo huwavunja moyo wasioambiwa: nywele zilizopandikizwa hudondoka karibu zote. Shina halikufa, limepumzika kwa ule muhula niliousimulia, na kuanzia mwezi wa tatu au wa nne huanza kuotesha upya, zikiwa nyembamba kwanza, kisha zikapata unene. Hukumu ya kweli hutolewa baada ya miezi 12, na kwa utosi pengine 18. Mwanasiasa wa Italia Silvio Berlusconi alipowapokea wageni mwaka 2004, yeye akiwa waziri mkuu, kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa kuficha kazi iliyokuwa mbichi, dunia ilimcheka majuma machache. Kazi yenyewe hakuna aliyeweza kuihukumu mpaka mwaka ulipopita.

Wasikilizaji wapendwa, hukumu yangu ni hii. Kupandikiza nywele ni tiba ya kweli, si uchawi wala si ghashi, nayo huwafaa watu waliokwisha kutulia katika upara wao, wenye kisogo kizima, wenye ngozi isiyovimba makovu, na wenye kuridhika na nywele za kutosha badala ya nywele za ujana. Haimfai mwenye haraka, wala aliyeambiwa na mchumba kwamba asipokuwa na nywele hataolewa naye, kwa kuwa aibu aliyotiwa na mtu haiondolewi na tabibu. Enyi vijana, msiuze shamba wala msikope kwa riba kwa ajili ya jambo ambalo likingojewa miaka mitano hufanyika vizuri zaidi. Enyi wazazi na wake, acheni kuwatania watoto wenu na waume zenu kwa vichwa vyao, maana dhihaka ya nyumbani ndiyo inayowasukuma kwenye mikono ya madalali. Na kila mwenye nia, amwone kwanza daktari wa ngozi katika mji wake mwenyewe, siku ambayo hajanunua tikiti wala hajalipa amana.